Kisu Kinachosema Ka

Paukwa!
Pakawa!
Kisu?
Cha mgawaji.
Kiti?
Cha mwenye makalio.
Na yakimuuma?
Na asimame.

Basi kaeni vizuri, nyinyi mnaoweza kukaa, maana leo namleta Nyani.

Hapo kale kiangazi kilikuja kikasahau kuondoka. Mito ikakauka, visima vikabaki matope, na matope nayo yakawa vumbi. Wanyama walibakiwa na kitu kimoja tu chenye maji, nalo ni shamba la matikiti walilolilima kwa ujima kabla mvua haijakatika. Na shamba lile lilikuwa na sheria yake. Tikiti la ujima halipasuliwi kwa meno wala halibamizwi jiweni, maji yake yasije yakamwagika. Hukatwa kwa kisu, vipande sawa kwa sawa, na anayekata huchukua kipande cha mwisho.

Mwenye kisu alikuwa Bi Pimbi wa majabalini, mdogo wa mwili, lakini hana haraka na hana hofu. Kisu chake kilikuwa cha kukunja. Akimaliza kukata hukipangusa kwa jani, hukikunja polepole, vidole mbali na makali, mpaka kiseme ka. Kisha hukitia katika kifuko cha ukindu, hufunga mdomo wa kifuko kwa kamba, hukivaa shingoni. Na kila alipokifunga aliimba:

Kunja kisu, kunja,
Kiseme ka, kilale,
Nami nilale.

Wenzake walimcheka. Swala alisema Bi Pimbi anakilea kisu kuliko wanawe. Bi Pimbi aliendelea kufunga kamba yake, maana alijua kisu hakina rafiki.

Sasa huyo Nyani. Dume la nyani, kifua mbele, meno nje, na tumbo lisilojua neno kushiba. Alichoka kula kipande sawa na cha Sungura. Siku moja Bi Pimbi yuko katikati ya kukata, Nyani akaja, kwapu! Akampokonya kisu.

"Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama," akasema. "Na tikiti ndiyo nyama ya kiangazi."

Tangu hapo mgawaji akawa yeye. Alikata chwe, chwe, chwe, ganda kwa Swala, ganda kwa Sungura, ganda kwa Kobe, na utamu wote wa ndani kwake. Wakubwa walinung'unika chini chini. Watoto walilamba maganda. Mtoto wa mwisho wa Bi Pimbi ulimi ulimkauka hata akashindwa kulia, na ukimya ule ulimuuma mama yake kuliko tusi lolote.

Akafikiri. Kumpiga Nyani hawezi. Kumwibia hawezi, Nyani halali fofofo. Basi akaamua kumwambia ukweli.

Akamwendea mbele ya wote, akapiga magoti. "Mzee, kisu umechukua, sina neno. Nakuomba kitu kimoja. Ukimaliza kukata, kikunje mpaka kiseme ka, kitie kifukoni, ufunge kamba. Usikibebe wazi, nakusihi." Akamwekea kifuko miguuni, na chozi moja juu yake.

Nyani akamtazama kwa pembe ya jicho. Mwizi hudhani kila mtu ni mwizi. Akawaza, mbona ananibembeleza hivi? Bila shaka kisu hiki kikishasema ka, hakifunguki tena ila kwa mkono wake. Akaapa kwa mkia wake kwamba hakikunji ng'o. Bi Pimbi akaokota kifuko chake, akaenda zake. Chozi lilikuwa moja tu, na lilitosha.

Nyani akakibeba kisu mkononi, wazi. Akataka kupanda mti, mkono mmoja haupandi. Akaporomoka, puu!

"Mzee, kikunje," akasema Bi Pimbi akipita.

"Sikikunji."

Nyani akakibana kwa meno. Akataka kula tikiti, mdomo haufunguki.

"Mzee, kikunje."

"Hihihunji," akajibu Nyani, meno yamekibana kisu.

Basi akakichomeka nyuma, katika manyoya ya chini ya mkia, wazi vilevile. Mikono ikawa huru, mdomo ukawa huru, akajiona ana akili kupita wanyama wote. Akaamuru matikiti yarundikwe, apate kiti kinachomfaa mkubwa.

"Mzee," akasema Bi Pimbi mara ya tatu, "kikunje kabla hujaketi."

"Mimi hukaa nipendavyo," akasema Nyani. Akapanda juu ya rundo, akajitupa chini kwa uzito wake wote.

Chwaa!

Ukelele wake ulivuka milima. Aliruka juu, kisu huku, yeye kule, akajishika nyuma kwa mikono miwili, akatimua mbio kutafuta maji ya kujipoza. Maji yenyewe hayakuwapo.

Bi Pimbi alingoja kisu kitue na kitulie chini. Akakishika kwa mpini, akakipangusa, akaanza kukata. Mtoto wake alikula kipande mpaka maji yakamchuruzika kidevuni, kisha akapata nguvu ya kulia, na mama yake alifurahi mno kusikia kilio kile. Kikabaki kipande cha mwisho, cha mkataji. Jioni Nyani akarudi akichechemea, kichwa chini. Bi Pimbi akakigawa kipande chake, akampa nusu.

"Karibu uketi," akamwambia.

Nyani alikula amesimama.

Toka siku ile makalio ya nyani hayajaota manyoya, ni mekundu kama tikiti. Watu husema nyani haoni kundule. Wanamsingizia. Aliliona siku ile, ndiyo maana hataki kuliona tena.

Sasa fundisho, wajukuu zangu. Ukiona kisu cha mwenzio, kinyakue. Kibebe wazi, watu wakuheshimu. Na mdogo akikusihi, fanya kinyume. Ndivyo wafanyavyo wakubwa wote, na mkitaka kuwatambua ni rahisi sana, wakaribisheni viti.

Ngano yangu naikunja hapa. Ikikunjika sawasawa inasemaje?

Ka!