Pembe Isiyovunja Barafu

Hapo zamani za kale, katika bahari ya kaskazini ambako maji hugeuka mawe, Bi Madoa alikuwa akimsugulia mumewe pembe kwa mwani, kama alivyofanya kila asubuhi. Mumewe, Pembemoja, alikuwa nyangumi mdogo kuliko wote ukooni. Pembe yake ilikuwa nyembamba, imesokotwa kama kamba, na ilimtangulia kila alikokwenda.

"Tulia," Bi Madoa alimwambia. "Bado ncha."

Hilo ndilo lilikuwa jambo lao la mwisho la kawaida. Jioni ile Bi Madoa aliugua, na siku ya tatu hakuwapo.

Tangu hapo Pembemoja hakukubali yeyote aiguse pembe yake. Ikafunikwa na utando wa kijani. Bi Tonge, dada wa marehemu, alikuwa na haki ya kumtania, naye aliitumia.

"Shemeji, pembe imeota ndevu. Inatafuta mchumba?"

Pembemoja alimjibu kwamba ndevu ni heshima, kisha akaenda zake.

Baridi ikazidi. Barafu ikaziba matundu yote ya kupumulia, likabaki moja tu, na ndani ya tundu hilo alijaa Bwana Mafuta, sili mkubwa, mnyama wa baharini mwenye pembe mbili nene mdomoni. Nyangumi asipopanda kuvuta hewa hufa. Lakini Bwana Mafuta aliwapisha mmoja mmoja, tena baada ya kusifiwa, naye alipenda sifa ndefu. Watoto wa ukoo wakaanza kulegea wakingoja zamu.

Pembemoja akamwendea, akamwamkia, akamwomba awapishe watoto kwanza.

"Mimi pembe zangu zinavunja barafu," Bwana Mafuta alisema. "Hiyo yako ni ya nini? Kuchokolea meno?"

"Inafungua matundu."

Bwana Mafuta alicheka mpaka mafuta yakatikisika. Akasema kesho ionekane. Pembemoja akifungua tundu, ukoo wake utapumua bure milele. Akishindwa, ataivunja pembe yake mwambani, na Bwana Mafuta ataitumia kujikuna mgongo.

"Nimekubali," Pembemoja alisema.

Bi Tonge alipopata habari hakutania. Alimuuliza tu kama ana akili timamu. Pembemoja alishuka peke yake hadi penye changarawe, akaisugua pembe mpaka utando wote ukatoka na ncha ikang'aa.

Ndipo maji yakaanza kusema naye tena. Pembe ile haikuwa mkuki. Ilikuwa ulimi. Penye barafu inayokaza, maji yalikuwa makali kwa chumvi. Penye barafu inayoyeyuka kwa chini, chumvi ilipungua. Alionja huku, akaonja kule, hadi akafika chini ya kichuguu kirefu cha theluji. Juu palionekana imara kuliko popote. Chini, maji yalikaribia kuwa matamu.

Kesho yake alimwita Bwana Mafuta.

"Nitafungua chini ya kile kichuguu. Nakuomba jambo moja tu, bwana mkubwa. Usinikalie juu yake. Ukikaa, umeniharibia kazi."

Bwana Mafuta alimwahidi kwa upole mwingi. Pembemoja alipozama tu, yeye alijikokota mbio hadi kichuguuni, akapanda kileleni, akajibwaga kwa uzito wake wote.

Chini, Pembemoja aligonga kwa ncha. Ngo, ngo.

Juu, Bwana Mafuta alijikandamiza zaidi.

Kra. Kraa. Tubwi!

Barafu ikafunguka upana wa ua wa nyumba. Bwana Mafuta alipoibuka akitema maji, nyangumi wote walikuwa wamekwisha kumzunguka, watoto mbele, wakipumua fuu, fuu.

"Niliyevunja ni mimi," alilalamika.

"Ni kweli," Pembemoja alisema. "Na pembe yangu ndiyo iliyokuchagulia pa kukaa."

Bi Tonge alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akamwambia shemeji yake kwamba dada yake hakusugua bure.

Basi, wanangu, kisichojua kupiga wala kuvunja huenda ndicho kinachojua njia.

Asubuhi iliyofuata, Pembemoja alishuka hadi kwenye mwani wa Bi Madoa. Akaisugua pembe yake taratibu, toka shinani, na hakusahau ncha. Kisha akapanda, akatangulia mbele ya ukoo wake, akiwaonjea maji.