Modemu ya Mama Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na majiko yao, na nyaya za intaneti zikipita juu ya mapaa, Bwana Tembo ndiye aliyewauzia intaneti wakazi wote wa bondeni. Kwenye bango lake aliandika: Megabiti mia tatu kwa sekunde, saa zote.

Mama Digidigi alijiunga. Siku aliyoihitaji kwelikweli, mwanawe Chepe alikuwa amevimba koo, hamezi hata mate. Daktari Korongo alikaa ng'ambo ya milima, mwendo wa siku tatu.

"Nionyeshe koo kwenye skrini," alisema Daktari.

Picha ikaja vipandevipande, ikaganda.

"Sioni kitu, mama. Naona ukungu tu."

Mama Digidigi akampigia simu Bwana Tembo. Tembo akaja mwenyewe, ardhi ikilia di, di, di. Akaitazama modemu juu ya kabati.

"Tatizo ni hiki kimodemu chako. Mimi naleta mia tatu, chenyewe hakiwezi kuzipitisha. Nunua yangu kubwa."

"Imeandikwa inabeba mia nne, bwana."

"Maandishi hayabebi kitu."

Jirani yao, Bi Pimbi, alikuwa amekuja kumjulia mgonjwa hali. Akasema kwa upole, "Usibishane na mkubwa, mama. Bwana Tembo akifungulia intaneti yake yote, kimodemu hiki kitayeyuka kama samli. Ila majirani hawaamini. Wanasema hana nguvu hizo."

Masikio ya Tembo yakasimama. "Nani anasema?"

"Hao hapo." Bi Pimbi akafungua dirisha. Majirani walikuwa wamejaa uani, wakingoja habari za mtoto.

Mama Digidigi akaogopa. Modemu ikiungua, nani atamwona mwanawe? Akataka kuzuia, lakini Bi Pimbi akamkanyaga mguu, taratibu.

Tembo akampigia fundi wake. "Nyumba hii ifungulie yote. Usibakize."

Taa za modemu zikapepesa, pe, pe, pe, kisha zikatulia. Haikuyeyuka. Hata joto haikupata.

Skrini ikang'aa. Mama Digidigi akaona kila unyoya wa Daktari, hata tone la maji lililoning'inia mdomoni mwake, kana kwamba milima imesogezwa kando. Akamwinua Chepe, kinywa wazi.

"Hapo," alisema Daktari. "Mwiba wa mgunga, nyuma ya ulimi, kushoto. Chukua kibano. Vuta polepole."

Akavuta. Mwiba ukatoka. Chepe akameza mate, akaomba maji.

Mama Digidigi aliitazama skrini, akamtazama na yule jirani yake mdogo, machozi yakimlengalenga.

"Bwana Tembo," alisema Bi Pimbi, "mia tatu zimepita zote, na modemu ni ile ile. Siku zote hizi nani alikuwa amezifunga?"

Tembo akainamisha kichwa, mkonga ukagusa sakafu. Majirani hawakubanduka dirishani mpaka alipopiga simu tena, akaamuru kila nyumba ipewe kasi iliyoahidiwa.

Hadithi imefika mwisho, wanangu, na funzo lake ni hili: aliyeahidi mto akaleta tone, huulaumu mtungi.