Kila Moshi na Tumbo Lake

Paukwa! Aka, pakawa gani hiyo ya kutokea puani? Paukwa! Eee, sasa mmeamka. Basi zamani, zamani za babu wa babu zangu, nzige waliushukia mji wa Kwemilimo. Wakala mashamba, wakala hata nyasi za mapaa. Njaa ikaingia, njaa hasa, si hii yenu ya kudai chai kila saa.

Majirani wa ng'ambo ya mto wakaona haya kula peke yao. Wakachanga mtama, mizigo arobaini, wakampa mzee Kalage, mtu mwaminifu, akaugawe. Na desturi ya kugawa ilikuwa hivi: mgawaji husimama kilimani asubuhi, akahesabu moshi wa majiko. Moshi mmoja, pishi moja.

Sasa, palikuwa na mjane, Nakijwa, aliyeokota yatima tisa wa njaa ile. Watoto tisa, jiko moja! Na palikuwa na Senkoro, tajiri, yeye na mkewe tu. Senkoro aliposikia Kalage yuko njiani, akawasha moto jikoni, akawasha zizini, akawasha hata nyuma ya choo. Mioshi saba, wanangu, na chungu hakuna!

Nakijwa akaiona mioshi ile, roho ikamruka. Pishi moja isingewafikisha watoto wake kesho kutwa, na mdogo wao alikuwa hawezi tena kusimama. Akambeba mgongoni, akawakusanya wengine, mbio, mbio, mbio hadi uwanjani, mtama ulikokuwa ukigawiwa. Akamkuta Senkoro anapimiwa pishi ya tano, na watu kimya, maana desturi ni desturi.

Akapiga magoti mbele ya Kalage. "Baba, sibishani na desturi. Naomba kitu kimoja tu: kila moshi uje hapa na tumbo lake."

Kalage akaweka pishi chini. Akamwuliza Senkoro wenye mioshi yake wako wapi. Senkoro akajibu wako njiani. Wakangoja, mji mzima umekodolea macho njia. Nani aje, choo? Akaja mkewe peke yake, kajifunika uso kwa aibu.

Weee, vigelegele! Kalage akaurudisha mtama wote kwenye lundo, akaanza upya, tumbo kwa tumbo. Nakijwa akapimiwa matumbo kumi, akilia na kucheka pamoja. Senkoro naye akapewa ya matumbo mawili, wala hakupunjwa hata punje.

Basi mkigawa cha wenye njaa, msitazame juu, tazameni matumbo. Nimekomea hapo. Kikiwa kitamu, gawaneni sawasawa. Kikiwa kichungu, niachieni mwenyewe.