Moshi wa Ng'ambo

Paukwa!
Pakawa!
Mbona wengine mmeitika kwa kukohoa? Basi hadithi hii inawahusu.

Hapo kale palikuwa na vilima viwili, kijito katikati. Huku alikaa Fisi, ng'ambo alikaa Nguruwe. Fisi alibanika nyama asubuhi, akabanika jioni. Fuu! Moshi ukapanda. Juu ya mti karibu na Fisi alikaa Chozi, ndege mdogo mwenye kinda mmoja tu.

Kho, kho, kho! Kinda akakohoa.

"Kaka Fisi, mwanangu atakufa!"

Wanyama wa huku wakakutana, wakahutubu weee. Wakakata shauri: kila nyumba kijiwe kimoja, na kijiwe kimoja ni moto mmoja kwa siku. Vijiwe haviongezwi. Asiyewasha aweza kumwachia mwenzake kijiwe chake, naye alipwe kitu.

"Waiteni na wa ng'ambo," akasema Chozi.

"Wale si wenzetu," wakajibu. Wakawasha moto mkubwa wa kusherehekea. Huo, walisema, hauhesabiwi.

Kobe hula majani mabichi, hana haja ya moto. Akamwachia Fisi kijiwe, akapewa boga. Kesho boga, keshokutwa boga. Kobe akanona, Fisi akachoka kulipa. Akavuka kijito na nyama yake.

"Huku mna vijiwe?"

"Huku hatuna hata mkutano, bwana," akasema Nguruwe. "Washa tu."

Fisi akawasha, akawasha, akawasha. Akarudi akicheka. "Tazameni! Kilima chetu safi!"

Wakampigia makofi. Pa, pa, kho! Pa, pa, kho!

"Safi?" akalia Chozi. "Mwanangu hapumui!"

"Huo si moshi wetu, mama. Huo wa ng'ambo."

Siku moja upepo ukainama, moshi ukaingia pangoni mwa Fisi. Watoto wake: kho, kho, kho! Fisi akakimbia mbio kwa Nguruwe.

"Ndugu yangu, moshi gani huu?"

"Wako, bwana. Sisi hula mizizi mibichi."

"Basi tukutane, vilima vyote viwili!"

"Si ndivyo alivyosema Chozi? Tulisikia hata huku."

"Chozi ndiye nani?"

Wakakutana. Vijiwe vikawa vya wote, vikapunguzwa kila mavuno. Moto wa sherehe nao ukahesabiwa. Kinda akapona, akaimba. Fisi hadi leo hujitambulisha: "Mimi ndiye mwanzilishi."

Wanaovuta hewa moja wawe na kipimo kimoja. Kuuhamishia moto kwa jirani si kuuzima.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayekohoa bado, atazame ng'ambo, kisha atazame jiko lake.