Mazoezi ya Mazishi ya Mama Avelina

Wahenga hawakusema kwamba shari ni njema. Walisema tu kwamba ipo ndogo na ipo kubwa, na mwenye akili huikabili ile ndogo mapema kabla kubwa haijamkuta amelala. Ndiyo maana ya methali isemayo: Heri nusu shari kuliko shari kamili. Wengi huikariri shuleni, wakazeeka nayo bila kuitumia hata siku moja. Mama Avelina wa Mpui aliitumia, tena kwa kuimba.

Alizaliwa Mpui, juu kwenye uwanda wa Ufipa, ambako upepo wa mwezi wa saba humvalisha mtu koti hata jikoni. Aliolewa Ilemba, bondeni kwenye joto, akaishi huko na mumewe hadi mume alipofariki. Kisha alirudi Mpui kukaa na binti yake Gaudiosa, mkulima wa mahindi na ulezi. Mwanawe wa kiume, Tadei, alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Sumbawanga. Watoto walikuwa hao wawili tu, na walipendana vizuri zaidi wakiwa mbalimbali.

Kilichomnyima Mama Avelina usingizi hakikuwa kifo. Kifo alikwisha kukizoea, maana tangu usichana aliimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango na aliwasindikiza wengi. Kilichomtesa ni kumbukumbu ya mazishi ya mumewe. Siku ile ndugu wa Ilemba walikuja na kwaya yao, Tadei akaleta nyingine ya mjini yenye kinanda na spika, na kwa kuwa hakuna aliyepanga lolote, kwaya zote mbili ziliimba kwa pamoja nyimbo mbili tofauti juu ya jeneza moja. Halafu ukazuka ugomvi wa nani atangulie kutia udongo. Padri alisimama juani na kitabu chake, akaona aibu yeye asiyehusika. Tadei na Gaudiosa hawakusemezana tena hadi mavuno ya mwaka uliofuata. Mama Avelina aliapa moyoni kwamba fedheha hiyo haitarudiwa kwenye jeneza lake.

Basi akaanza kuwaeleza wanawe alivyotaka azikwe. Alijaribu kwa Gaudiosa walipokuwa wakipukuchua mahindi, lakini binti aliziba masikio akasema huo ni uchuro. Alijaribu kwa Tadei kwenye simu. Tadei alicheka, akamwambia ataishi hadi awaone vitukuu, kisha akasingizia kwamba kuna mteja anamsubiri. Na huku wametia pamba masikioni, kila mmoja alikuwa na mpango wake wa siri. Gaudiosa alikwisha kuchagua mahali pa kaburi, kando ya babu na bibi yake hapo Mpui. Tadei naye alikwisha kumwahidi baba yake mdogo, Mzee Christopha wa Ilemba, kwamba mama atalazwa ubavuni mwa baba, na kwaya itatoka mjini. Mama Avelina aliyajua yote mawili, kwa sababu hakuna siri ya watu wawili isiyofika kisimani.

Alipoona maneno yake hayana pa kuingia, alikwenda kwa Yusto, mwalimu wa kwaya ya kigango, akamtajia nyimbo alizozichagua. Wa mwanzo uwe wa furaha kama wa Pasaka. Wakati wa komunyo kinanda kinyamaze, watu waimbe wimbo wa buriani kwa sauti zao tu. Na jeneza likitoka kanisani, uimbwe ule wimbo wa Kifipa ambao wanawake wa zamani waliuimba wakipura ulezi, na ambao mama yake mzazi aliutia maneno ya kumkabidhi mtu kwa Mungu. Tatizo lilikuwa kwamba wimbo huo ulibaki kichwani mwake peke yake. Yusto alikuna kichwa. Alisema hajawahi kumfanyia mtu mazoezi ya mazishi ilhali mwenyewe anakunywa chai.

"Ukisubiri nife, mwanangu, nani atakufundisha?" Mama Avelina akamuuliza.

Yusto akaitisha mazoezi, na Jumamosi alasiri kwaya nzima ikakusanyika uani kwa Mama Avelina. Gaudiosa alikuwa mashineni kusaga, upande wa pili wa kijiji. Hakuambiwa, maana angekataa. Mama Avelina alijipanga katikati ya waimbaji wa sauti ya pili, akakohoa kidogo, na kwaya ikaanza na wimbo wa buriani.

Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Upepo wa Ufipa hauchagui cha kubeba. Uliuchukua wimbo ule ukaufikisha hadi barabarani. Na mtu wa Mpui akisikia kwaya inaimba buriani nyumbani kwa bibi mzee, haulizi kuna nini. Jirani wa kwanza aliangua kilio. Wa pili alimpigia simu Tadei. Wa tatu alikimbilia mashineni kumtafuta Gaudiosa. Tadei alipojaribu kumpigia mama yake hakumpata, kwa kuwa simu ilikuwa imezimwa na kupelekwa kuchajiwa. Haukupita muda wanawake wa jumuiya wakaanza kuingia uani wakilia, na unga na kuni vichwani, wakamkuta marehemu anamgombeza mwimbaji wa besi kwa kuuburuta wimbo.

Wapo waliotimua mbio. Wapo waliokaa chini wakacheka hadi wakashika mbavu. Mama mmoja alikataa katakata kurudi na kuni zake, akasema amekwisha kuzililia njia nzima.

Lakini watoto wenyewe hawakufika nyumbani. Habari ilipomfikia Gaudiosa, machozi yalimtoka, na katikati ya machozi hayo akamkumbuka kaka yake na Ilemba. Aliwaomba vijana wa pale mashineni wachukue majembe, wakaenda moja kwa moja kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya shamba, ili Tadei akija akute kaburi limekwisha kuanzwa. Tadei naye alikuwa njiani kutoka mjini, akiendesha gari huku analia, na jeneza jipya limefungwa kamba nyuma. Kutoka barabarani aliwaona watu wakichimba. Alisimamisha gari papo hapo.

Mama Avelina alikuwa bado anafundisha wimbo wa kupura ulezi mtu alipokuja mbio kumwambia kwamba wanawe wameshikana mashati kaburini kwake. Alijifunga kitenge vizuri akaondoka. Aliwakuta wakivutana jembe moja, Tadei upande wa mpini na Gaudiosa upande wa chuma. Tadei alikuwa akisema ahadi ni deni na mama anakwenda Ilemba. Gaudiosa alikuwa akisema aliyemwogesha mama akiumwa ndiye atakayeamua. Vijana wa majembe walikuwa wamekaa juu ya udongo wakingoja mshindi.

"Endeleeni," mama yao akasema. "Na mimi nataka kujua nitazikwa wapi."

Jembe lilianguka. Gaudiosa alimkumbatia mama yake miguuni. Tadei aliegemea gari, na shikamoo ikamtoka kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Hakuna furaha inayolingana na ya mtu aliyempoteza mama yake mchana akarudishiwa kabla jua halijazama, nao walilia kwa furaha hiyo bila kuona haya mbele ya watu. Mama Avelina aliwaacha walie. Walipotulia, aliwaketisha pale pale juu ya udongo.

"Ugomvi mliouanza umalizeni sasa," aliwaambia. "Leo nina mdomo wa kuamua. Siku yenyewe sitakuwa nao."

Nao waliumaliza, wala haukuwa wa kistaarabu. Gaudiosa alimwambia kaka yake kwamba kwa miaka yote hiyo yeye ameleta sukari tu kila Krismasi, na sasa anataka kuja kuchukua mwili. Tadei alijibu kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume pekee, na mama asipolala na baba, ukoo mzima wa Ilemba utamwona si mtu. Walichimbua mpaka maneno ya kwenye mazishi ya baba. Yaliuma. Mama Avelina alisikiliza yote, kisha akamgeukia Tadei.

"Baba yako nilimpenda tulipokuwa tunacheka pamoja, na nitamkuta kwa Mungu, siyo udongoni. Siku ya marehemu wote, nani atashuka Ilemba kunifyekea majani? Nitalala hapa, na kwaya ni ya Yusto. Jeneza ni zuri, mwanangu, nimelipenda. Lirudishe tu kwanza."

Tadei aliondoka na jeneza lake amekasirika, wala hakuaga. Gaudiosa naye alinuna kwa sababu mama alimwambia mbele ya watu kwamba ana haraka, amechimba kaburi kabla ya kuuona mwili. Nyumbani hapakuwa na raha kwa siku kadhaa, na Mama Avelina alikiri kwamba moyo ulimuuma. Hata hivyo alipiga moyo konde, akapanda basi kushuka Ilemba kumwona Mzee Christopha mwenyewe.

Mzee yule alimsikiliza akiwa amemgeuzia kiti. Alisema ukoo umetukanwa. Alisema mengi, chai ikapoa. Mwishowe, kwa kuwa ni vigumu kumkatalia mtu aliyekuja kwa miguu yake kuomba kaburi lake, alikubali kwa sharti moja: Misa ya arobaini isomwe Ilemba, na jina la Mama Avelina lisomwe pamoja na la mumewe. Mama Avelina alikubali, akanywa ile chai iliyopoa, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane alihisi kifua kimekuwa chepesi. Mzee Christopha ndiye aliyempigia Tadei simu kumwambia kwamba amemwachilia ahadi yake. Jumapili iliyofuata Tadei alikuja Mpui na sukari ingawa haikuwa Krismasi, akakaa mazoezini na kuimba, tena kwa sauti mbaya.

Mama Avelina alifariki mwaka uliofuata, baada ya ugonjwa mfupi, ulezi ukiwa umekwisha kuingizwa ghalani. Gaudiosa alimpigia kaka yake simu. Tadei aliuliza kama kaburi limeanza kuchimbwa, naye akajibiwa kwamba wanamngoja yeye apige jembe la kwanza. Kanisani nyimbo zilifuatana kama zilivyochaguliwa, na hakuna aliyenong'ona kuuliza nani kaamua nini. Watu wa Ilemba walikaa pamoja na watu wa Mpui. Jeneza lilipotoka, Tadei na Gaudiosa walitembea nyuma yake wameshikana mikono, wakilia kwa sauti. Siku ile nzima hawakuwa na kazi nyingine yoyote ila kumlilia mama yao, kwa maana yote yaliyostahili kugombewa yalikwisha kugombewa yeye akiwa hai. Kweli, heri nusu shari kuliko shari kamili.