Kiti cha Nyuma cha Mwalimu Shemhilu

Utamu wa gari muulize wa nyuma. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na wala si ya kale kama mnavyodhani. Mchungaji alipoisema jana, akiwakemea wanakamati waliobadilisha saa za mazoezi bila kuwauliza ninyi mnaoimba, niliwaona mkitazamana. Nikajua mtakuja kuniuliza. Kaeni basi, na simu ziwekeni mfukoni.

Kwaya yetu hii ya Kwemtindi iliasisiwa na Mwalimu Shemhilu. Mimi nilikuwa sauti ya pili, na sikumbuki wimbo ambao hakunisahihisha. Alikuwa mkali wa sauti na mpole wa kila kitu kingine. Alipostaafu na kufiwa na mkewe, wanawe Zefania na Eliamini walimhamishia kwao Lushoto mjini, lakini kila Jumamosi alipanda huku juu kwa basi kutufundisha. Alikuwa akituambia kwamba siku yake ya kuishi ni Jumamosi, hizo nyingine anaisubiri tu.

Wanawe waliona vibaya baba yao kubanana na magunia ya viazi kila wiki. Wakajichanga, wakashuka Tanga kwenye yadi ya magari, na tangu mwanzo walisema kwamba gari litakuwa la Baba, wao ni madereva tu. Pale yadi macho yao yaliangukia magari madogo mawili, yote ya mbio, moja jekundu na jingine la kijivu. Jekundu lilikuwa limeshushwa, limefungwa springi fupi ngumu na shokapu za kukaza. La kijivu lilikuwa na springi zake laini za kiwandani. Mwenye yadi aliwaambia kwamba kwa injini ni ndugu, tofauti yao ni miguu: jekundu likiingia kwenye kona halilali upande, la kijivu linalala kidogo.

Walilijaribu jekundu kwenye lami, Zefania kwenye usukani na Eliamini pembeni yake. Lilishika barabara kama kupe. Zefania akafikiria kona za mlimani kwetu, ambazo si za kuchezea, akasema gari lisiloyumba ndilo la kumpakia mzazi. Nani atamlaumu? Aliwaza kama mtoto anayempenda baba yake. Ila katika kujaribu kote huko kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeliona hilo.

Jumamosi ya kwanza walimleta kama mheshimiwa. Mnajua sisi tulivyo, mkubwa hukaa nyuma, dereva humfungulia mlango. Walikuwa wamekitandika kiti kitambaa cheupe cha kufuma. Tukapiga vigelegele, Mwalimu akashuka polepole, akashika mlango kwa muda, akatabasamu. Tulidhani anataka tumwone vizuri.

Baada ya hapo alianza kukosa. Mara ana mafua, mara ana mgeni, mara mawingu ya mvua. Ikafika miezi hatumwoni, na mashindano ya dayosisi yanakuja. Soprano wakavutia kwao, besi kwao, na mimi niliyeachiwa fimbo ya mwalimu nikawa napiga hewa. Nilimkasirikia, sifichi. Wanawe nao waliumia. Walimnunulia gari, kisha likalala chini ya turubai huku mzee akishinda dirishani, haimbi hata chumbani. Zefania akaamua kwamba uzee umefika, akasema atapanda kuwaambia wazee wa kanisa watafute mwalimu mwingine.

Siku aliyopanga kuja, aliteleza kwenye ngazi akateguka mguu. Ikabidi Eliamini aendeshe, na kaka yake akae nyuma aunyooshe mguu kwenye kiti. Wakati wa kuondoka, Eliamini alimwambia baba yao, kwa adabu tu, bila matumaini:

"Baba, tunapanda Kwemtindi. Kama ungependa kwenda utusamehe, leo itabidi ukae mbele. Mguu wa kaka haukunjiki."

Mwalimu alikuwa ameshachukua koti kabla hajamaliza kusema.

Mimi nilikuwa uani mwa kanisa walipofika. Mwalimu alishuka peke yake, akanisalimia, akaniuliza kwa nini sauti ya pili imepoa, kama aliyeondoka juzi. Zefania ndiye aliyechelewa kushuka. Tulipomfungulia mlango alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na mguu ulioteguka ameusahau kabisa. Kutoka lami inapoishia mpaka kwetu ni mawe na makorongo, na zile springi ngumu za nyuma zilikuwa zimempa kila jiwe mgongoni.

Alipopata pumzi alimtazama baba yake.

"Baba, safari zote zile ulikuwa unakaa hapa?"

"Si ndipo mliponiweka."

"Mbona hukusema?"

"Mliniuliza kama gari ni zuri, nikasema ni zuri. Ni zuri kweli, mwanangu. Mtoto akikupa kitu kwa mikono miwili, utaanzaje kukitoa kasoro?"

"Na mimi nilikuwa nakutazama kwenye kioo," Zefania akasema. "Nilikuona umefumba macho. Nikawa najiambia, Baba anastarehe."

Mwalimu alimshika mwanawe begani, akamwacha alie kidogo, kisha akaingia kanisani kwa sababu kwaya ilikuwa inamngoja. Habari ya mwalimu mwingine haikutajwa tena. Hasira yangu ilikwisha palepale, nikabaki na aibu ya kumdhania vibaya mtu aliyekuwa na maumivu.

Mguu ulipopona walishuka tena Tanga, safari hii wakiwa na baba yao. Mwenye yadi alikubali kulipokea jekundu na kuwapa la kijivu. Akawaambia wakitaka atalikazia kidogo, lisilale sana kwenye kona, akampa Zefania ufunguo ili alijaribu. Zefania aliupitisha kwa mdogo wake, akafungua mlango wa nyuma, akamwingiza baba yake, naye akaingia upande wa pili. Akamwambia Eliamini asibaki kwenye lami, atafute njia mbovu kuliko zote.

Waliporudi, mwenye yadi aliinama dirishani.

"Vipi, kaka, tamu?"

"Usilikaze, kona tutapunguza mwendo," Zefania akasema. "Utamu wa gari muulize wa nyuma."

Mwenye yadi akageuza macho kwa mzee. Mwalimu Shemhilu alikuwa macho wazi, anatazama nje, na chini kwa chini alikuwa anaimba sauti ya pili, ile ile iliyokuwa imetupoa.

Eliamini alitusimulia hayo Jumamosi iliyofuata, na kwaya nzima ikaichukua ile kauli. Mume akijisifu kwamba nyumba yake ina amani, tunamtazama mkewe. Kiongozi akisema mambo yanakwenda vizuri, tunawatazama anaowaongoza, hasa waliofumba macho. Utamu wa gari muulize wa nyuma.