Ukuta wa Fundi Zege

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi huikumbuka methali hii timu yao inapofungwa. Fundi mmoja wa ujenzi aliijua maana yake mbele ya kiboko, na nusura imgharimu mkewe.

Watu walimwita Fundi Zege, kwa kazi yake na kwa ugumu wa kichwa chake. Alipoumia kiuno na kushindwa kupanda majukwaa, alinunua kiwanja kando ya mto mkubwa, akajenga nyumba na kulima bustani ya mboga hadi karibu na maji. Bustani hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na mkewe. Kasoro yake ilikuwa moja tu: katikati ilipita njia ambayo viboko waliifuata tangu enzi na enzi kwenda malishoni.

Kiboko dume mmoja hakuwa na habari na mambo ya viwanja. Jua lilipozama alipita, na asubuhi nyanya zilikuwa rojo. Fundi akazungusha miiba; ikakanyagwa. Akasimika nguzo, zikavunjika kama njiti.

"Mume wangu," mkewe alimwambia wakipanda miche upya, "tumwachie njia yake. Sisi tulime huku na huku."

"Nimejenga maghorofa mimi. Leo nishindwe na mnyama mwenye tumbo kama pipa?"

"Yeye wala hashindani na wewe. Anakwenda kula tu."

Fundi akatia pamba masikioni. Akainua ukuta mnene wa mawe na saruji, kutoka mpaka huu hadi ule. Kiuno kilimuuma, lakini ubishi ulimpa nguvu. Ukuta ulipokauka sawasawa, kiboko alikuja jioni, akausukuma kwa pua, akakoroma, akageuka. Fundi alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Jirani," alimwita kinyozi wa nyumba ya pili, "njoo umwone bingwa."

"Namwona, kashika kiuno," kinyozi akamtania. "Sasa mwenzio atapita wapi?"

"Atajua mwenyewe."

Naye alijua. Aliufuata ukuta hadi ulipoishia, akatokea kwenye kijia ambacho akina mama walichotea maji bila hofu, kwa kuwa viboko walikuwa na njia yao. Mke wa Fundi alikuwa akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani. Fundi alisikia ndoo ikianguka, kisha sauti ya mkewe ikimwita, kisha kimya. Kimya kile, msomaji wangu, usiombe kukisikia.

Alikimbia, kiuno kimesahauliwa. Alimkuta mkewe ndani ya matete alikojitupa, kalowa tope, mguu umevunjika, anahema. Kiboko alikwishampita, anaendelea na safari yake.

"Alikuwa anatafuta njia," mkewe alisema, meno yakigongana. "Njia tu, mume wangu."

Fundi alilia, wala hakujificha. Kesho yake, alipotoka hospitali alikomlaza mkewe, alichukua nyundo kubwa akaanza kuubomoa ukuta kwa mikono ileile iliyoujenga. Majirani wakakusanyika, wengine wakicheka chinichini.

"Fundi, ndiyo kusema kiboko kakushinda?" kinyozi akauliza.

"Kanishinda," Fundi akajibu bila kuacha kugonga. "Nisaidieni kuondoa mawe kabla jua halijazama."

Kicheko kikakatika. Kinyozi alikuwa wa kwanza kukunja mikono ya shati. Jioni ile kiboko alipita katikati ya bustani, akang'ata majani mawili matatu ya mchicha ulioinamia njia, akaenda zake. Kijia cha akina mama kilibaki kitupu.

Mkewe aliporudi, akitembelea magongo, alikuta bustani imekuwa ndogo, imegawanyika mara mbili, na nyanya zimeiva hadi za mwisho. Alimtazama mumewe kwa jicho la utani.

"Basi nani kashinda?"

"Mimi nimeshindwa," Fundi akasema, akimwekea kiti, "na wewe uko hai, na tunavuna."

Naam, asiyekubali kushindwa si mshindani.